Wapangaji wa Kidimbwi cha Kitatange

Juu ya mwamba palikuwa na kidimbwi kidogo, na humo aliishi Kitatange, samaki mdogo wa rangi, pamoja na wanawe sita. Bamvua, yale maji makuu ya mwezi, lilikuwa linaisha. Maji yakitoka safari hii, bahari isingefika tena hapo kwa siku saba. Mwani ulishaanza kuoza, na bila wa kufagia, watoto wasingefika siku ya tatu. Lakini yeyote ambaye angekutwa ndani mlango wa kidimbwi ukikauka, angebaki humo na watoto.

Kaa, dalali wa mwamba mzima, akaja mbio upande upande. "Dada, nimekuletea mpangaji wa kufagia. Mpole huyo! Mstaarabu!"

Nyuma yake alikuja Chewa, mwani ukimning'inia mdomoni.

"Shikamoo, mama," akasema, ingawa Kitatange angeenea kwenye shavu lake moja. "Nyama niliacha zamani. Siku hizi ni majani tu."

"Ulikuwa unaishi na nani?"

"Na dagaa kumi. Tulipendana sana."

"Wako wapi?"

"Walihama."

"Wote siku moja?"

"Mmoja mmoja," akasema Chewa, akapiga mbweu. Kijimkia cha dagaa kikamtoka mdomoni.

Kaa akakikanyaga upesi. "Mwani huo, dada. Wa kigeni."

Kitatange alishageuka. Alikuwa akimtazama Kamba, aliyeingia bila kusifiwa na mtu. Kamba huyo alikuwa amemshika mwana wa mwisho wa Kitatange, akimtoa kidudu pezini taratibu. Kando yake Jongoo Bahari alikuwa ameshaanza kula uchafu mchangani.

"Nani kawatuma?"

"Hakuna, mama," akasema Kamba. "Tumeona mtoto anajikuna."

"Basi kaeni. Na wewe, baba Chewa, nenda salama."

Chewa akavimba kwa hasira. "Mimi niachwe, wachukuliwe walaji wa takataka?" Akajitupa mlangoni aingie kwa nguvu, akabishana, akajisukuma, akabishana tena. Mlango ulikuwa mwembamba, na tumbo lile la majani likakwama. Alipokumbuka kutazama nyuma, maji yalikuwa yamekwisha.

"Kaa, ndugu yangu, nisukume!"

Kaa akamzunguka, akamkagua kama anayechagua muwa, akasimama upande wa mkia na kufungua gando.

"Unafanya nini wewe?"

"Uliniahidi makombo, kaka," akasema Kaa. "Hukusema ya nani."

Kitatange akawaita wanawe wageuke, watazame Jongoo anavyofagia.