Droo Iliyogoma Kufunguka

Bwana Mselem, mwenye duka la kompyuta, alimuuzia Mize kompyuta aliyoichakaza yeye mwenyewe nyumbani kwake, akaapa kuwa ni nzima kabisa. Kesho yake droo ya CD ikagoma kufunguka. Mize akaibeba kompyuta hadi dukani. Kwa ukarimu wake unaojulikana, Bwana Mselem akanyoosha kidole kwenye kibao cha ukutani: MALI IKISHATOKA DUKANI HAIRUDI.

"Hujui kusoma, mwanangu?"

"Najua, baba. Nauliza tu, ile CD ya harusi ya binti yenu, ambayo mama yake amekununia kwa kuipoteza, haikunasa humu?"

Bwana Mselem akadaka bisibisi. "Lete hiyo droo niifungue!"

"Na kompyuta yangu ibaki na pengo?"

Kwa huruma tu, bila shaka, Bwana Mselem alitoa droo mpya kwenye boksi, akaifunga kwenye kompyuta haraka haraka, akabaki na ile mbovu. Mize akashukuru sana, akaikumbatia kompyuta yake, akaondoka. Huku nyuma bisibisi ikafanya kazi. Droo ikafunguka. Ndani mlikuwa na vumbi na marehemu mende mmoja.

"We Mize! Rudisha droo yangu mpya!"

Mize alikuwa ameshavuka kizingiti. Akageuka, akanyoosha kidole kwenye kile kibao.

"Hujui kusoma, baba?"