Seti Moja, Magari Mawili

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana magari yalikuwa yameshafika milimani na mengine yalikuwa yameshazeeka huko huko, aliishi mfanyabiashara wa mboga aliyeitwa Mzee Mntangi. Watu walimpachika jina la Mzani. Alikuwa na wake wawili, Bi Mwajabu mke mkubwa na Bi Zena mke mdogo, na tangu amwoe wa pili hakuwahi tena kununua kitu kimoja. Akinunua kanga, zilikuwa mbili za rangi moja. Akinunua sufuria, mbili. Akichinja mbuzi, nyama aliipima kwa mizani, na utumbo nao akaupima. Msicheke. Mwenye wake wawili anajua anachokikimbia.

Basi mwaka ambao kabichi zilimkubali, Mzani alinunua magari mawili ya mtumba, ya aina moja, rangi moja, hata mikwaruzo ilikaribia kulingana. Moja likapanda mtaa wa juu kwa Bi Mwajabu. La pili likabaki mtaa wa chini kwa Bi Zena. Wanawake wale wakajifunza kuendesha, wakawa wanateremsha mboga sokoni wenyewe, na mlima mzima ukapata cha kuzungumza.

Miaka ikapita. Barabara ya mlima ule ilikuwa ya mawe tangu juu mpaka bondeni, na mawe hayana haraka. Yalikula miguu ya magari yale kidogo kidogo. Gari la Bi Mwajabu likipita, ngo, ngo, ngo. Gari la Bi Zena likipita, ngo, ngo, ngo. Yalizeeka kwa haki, kama yalivyonunuliwa.

Sasa sikilizeni penye jambo. Bi Mwajabu alikuwa na watoto watano, wakubwa, wameshatawanyika. Bi Zena hakuwa na mtoto. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, na baada ya ile ya pili aliacha kwenda kwenye arobaini za watoto wa watu. Mwaka huo akashika ya tatu. Mkunga wa zahanati akamwonya kwamba mimba hiyo inataka utulivu: asibebe ndoo, asiruke mtaro, na akiteremka kliniki kwenye hospitali ya bondeni, asitikiswe. Bi Zena alirudi nyumbani ndani ya gari lake, Mzani akiendesha, yeye ameshika tumbo kwa mikono miwili, na kila gari liliposema ngo, alihisi linamgonga yeye.

Gari likapelekwa kwa Fundi Sikudhani, mwanamke aliyerithi karakana kwa baba yake. Akalipandisha kwa jeki, akatikisa magurudumu, akaingia chini, akatoka.

Aliwaambia kwamba miguu imekwisha. Shokapu, vile vyuma vinavyomeza mtikisiko, zimekufa zote, mbele na nyuma, na springi zimechoka. Kisha akataja bei ya seti nzima, na Mzani akatafuta tairi la kukalia.

"Kwa fedha hiyo," alisema Mzani, "hata nikiliuza gari lenyewe sifiki."

"Ni kweli, mzee wangu," fundi alimjibu. "Na ukishaliuza, mama atakwenda kliniki na nini?"

Mzani alikuwa na ng'ombe mmoja tu, aliyeachiwa na mama yake, marehemu Bi Kidawa. Mama yule, siku za mwisho wake, alimwambia mwanawe asimuuze ng'ombe huyo kwa upuuzi. Alikuwa amemlea kwa majani aliyoyabeba kichwani mwenyewe. Mzani akamfungua kamba, akamteremsha mnadani, akarudi na seti moja ndani ya boksi. Njiani alilia, na hakujali nani amemwona.

Habari ilifika mtaa wa juu kabla ya boksi. Bi Mwajabu akamngoja mumewe barazani.

"Baba Shomari, nasikia umenunua miguu. Ya kwangu iko wapi?"

Mzani akaeleza habari ya mimba, na maneno ya mkunga, na bei, na ng'ombe. Bi Mwajabu alimwacha amalize.

"Mimi nilizaa watano," alisema. "Wote niliwateremsha mlima huu tumboni, kwa miguu yangu hii, na hakuna aliyeniuzia hata kuku. Sikudai. Lakini leo ukinunua kimoja ukampa mwenzangu, ile haki unayosifiwa nayo sokoni ilikuwa ya kanga tu."

Neno lile lilimwingia Mzani pabaya. Angeweza kuvumilia kuitwa maskini, hata kuitwa bahili, lakini hili hakuliweza. Asubuhi alikwenda karakana na boksi lake, akamwambia fundi agawe. Mbili za mbele zifungwe gari moja, mbili za nyuma zifungwe gari la pili. Nusu kwa nusu.

Fundi Sikudhani alicheka, akidhani anataniwa. Alipoona mzee hacheki, naye akaacha. Alijua vizuri kwamba seti haikatwi vipande kama mkate. Lakini kazi mbili zina ujira mara mbili, na kodi ya karakana ilikuwa inamsubiri. Akafunga mdomo, akafungua boksi.

Bi Mwajabu, kwa ukubwa wake, alichagua kwanza, akachukua za mbele, kwa kuwa mbele ni kwa wakubwa. Bi Zena akapata za nyuma. Akashukuru.

Tangu hapo gari la mtaa wa juu likawa limetulia mbele, na nyuma linarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Gari la mtaa wa chini likawa limetulia nyuma, na mbele kila shimo linazamisha pua: ngo, ngo, ngo. Watu walitoka majumbani kuyatazama yakipishana. Mzani alipita akisalimia, ameridhika kabisa.

Siku ya kliniki ikafika. Mzani aliendesha mwenyewe, na kwa kuwa sokoni ni njia hiyo hiyo, akapakia na kabichi. Jioni Bi Zena alishuka garini ameinama. Kulikuwa na damu, si nyingi, lakini kwa mwanamke aliyeshapoteza mara mbili, hakuna damu kidogo. Mkunga akaitwa nyumbani, akamlaza. Akasema mtoto bado yupo, ila mama akitikiswa hivyo tena, yeye hatatoa ahadi yoyote. Na bondeni lazima ateremke, kwa sababu kujifungulia zahanati hakuwezekani.

Bi Zena akageukia ukutani. Hakumlaumu mtu. Alikuwa anaogopa, na hofu ile haikumwachia nafasi ya kitu kingine.

Kesho yake Bi Mwajabu aliingia na uji wa ulezi. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamnywesha mke mwenza wake kijiko kwa kijiko. Aliiona kanga iliyolowekwa kwenye beseni pembeni, akaangalia pengine. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Ulikaa siti ya wapi, mdogo wangu?"

"Ya mbele, dada. Nyuma kulikuwa na kabichi."

Bi Mwajabu alisimama pale mlangoni kidogo. Kwa hiyo kabichi zilikuwa zimesafiri juu ya miguu mipya, na mtoto juu ya miguu iliyokufa. Akabeba chupa yake ya uji, akaenda.

Kuanzia hapo Bi Zena, kwa kuwa alikuwa wa kulala tu, aliishi kwa masikio. Siku moja alisikia gari la mtaa wa juu likiteremka na kelele zake za nyuma. Akangoja lipande. Halikupanda. Na gari lake mwenyewe, ambalo Mzani alisema linaoshwa karakana, likakawia huko kupita kiasi cha kuoshwa. Liliporudi lilifika mpaka mlangoni bila yeye kujua kwamba limefika. Mzani akamwambia miguu imeshazoea barabara. Naye mwenyewe aliamini hivyo, maana ndivyo fundi alivyomwambia, na sokoni akaanza kuwaeleza watu faida ya kugawa sawa.

Wiki ile ile Bi Zena akaona dirishani Bi Mwajabu anapita kwa miguu, kapu la karoti kichwani, jasho linamtoka.

"Dada, gari liko wapi?"

"Limepumzika."

"Limepumzika mpaka lini?"

"Nalo limeambiwa lisitikisike," alisema Bi Mwajabu, akaendelea na safari yake.

Siku yenyewe uchungu ulianza mchana, na mvua. Mzani alishika usukani. Bi Zena alilala siti ya nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Bi Mwajabu. Walipoanza kuteremka, alifumba macho akayangoja mawe aliyoyajua moja moja. Lile la kona ya msikiti: akakaza meno, akangoja ngo. Haikuja. Lile la darajani: akangoja. Haikuja. Uchungu ulikuja na kuondoka, mvua ilipiga bati la gari, na chini ya vyote hivyo hakuna kilichogonga. Njia nzima alisikiliza kelele ambayo haikutokea. Kabla ya magharibi akasikia sauti nyingine, nyembamba, yenye hasira, ya mtoto wa kike aliyefika salama. Bi Zena alilia mbele ya wauguzi wote.

Siku ya saba watu walijaa nyumba ya mtaa wa chini, kumpa mtoto jina. Mzani alisimama.

"Ataitwa Kidawa," alisema. "Bila ng'ombe wa mama yangu kusingekuwa na miguu, na bila miguu kusingekuwa na mtoto. Marehemu amemleta mjukuu wake. Jina ni lake."

Watu wakaitikia kwa vichwa, wakakubali. Hapo Bi Mwajabu akaomba kusema.

"Ng'ombe wa mkwe wangu alinunua seti, sikatai. Wewe ukaikata mapande mawili. Ile iliyomteremsha Zena ilikuwa nzima, na iliyoifanya nzima ni nusu yangu. Nilimpelekea fundi, nikamwambia afungue miguu ya mbele kwangu aifunge kwake. Gari langu liko juu ya mawe mpaka leo, mboga nabeba kichwani. Sina binti mwenye jina langu. Mtoto huyu aitwe Mwajabu."

Miezi ile yote Mzani alikuwa amejisifu kwa kugawa, na kumbe kilichogawanywa kilishaunganishwa nyuma ya mgongo wake.

"Na nani alidai igawanywe, Mama Shomari?" aliuliza.

"Mimi," alisema Bi Mwajabu. "Ndiyo maana sikumwambia mtu. Niliona haya."

Fundi Sikudhani alikuwa amekaa karibu na mlango. Hakutaka kusema, lakini naye akasema.

"Nilipoifunga seti nzima, gari bado liligonga. Bushi zilikuwa zimekwisha, ile mipira midogo inayokaa kati ya chuma na chuma. Dukani waliniambia za gari la zamani hivyo ni za kuagiza, na zingefika mtoto ameshazaliwa au ameshapotea. Mnalijua gari la marehemu baba yangu, lililo chini ya turubai. Ni ndugu wa haya mawili. Wangapi wamekuja kuomba hata kioo chake, nikawafukuza? Nilikuwa nimejiahidi kuliendesha tena siku moja. Nikazitoa bushi zake zote. Sasa limekaa chini, halisimami. Bila mipira ile, ng'ombe na nusu ya Mama Shomari vingekuwa kelele tu. Mimi sina mtoto, na sidhani kama nitapata. Mkimwita Sikudhani, nitakuwa na wa kumwachia spana."

"Lakini wewe ndiye uliyefunga nusu nusu," Bi Mwajabu alimwambia, kwa upole. "Ulijua?"

"Nilijua. Nikachukua ujira, mara mbili."

Kila mmoja alikuwa ametoa alichokipenda, na kila mmoja alikuwa na mkono wake katika ile damu ya siku ya kliniki. Mzani akahesabu wadai watatu, naye ni mmoja wao, na uso wake ukaanza kung'aa. Wanaomjua wakajua kinachokuja.

"Basi tugawe," alisema. "Mtoto awe na majina matatu. Wiki hii tumwite Kidawa, wiki ijayo—"

"Hapana."

Ni Bi Zena aliyesema, na hakupaza sauti. Tangu aolewe alikuwa amepokea nusu ya kila kitu na kushukuru.

"Tuligawa mara moja, na nusura nimzike. Mtoto wangu ni mmoja, na jina lake litakuwa moja. Mimi ndiye niliyeisikiliza barabara ile, jiwe kwa jiwe. Nitalisema mimi."

Akamnyanyua binti yake, akaiondoa kanga kwenye sikio lake dogo. Mzani akainama mbele. Bi Mwajabu akashika shavu. Fundi akatazama mikono yake, yenye mafuta ambayo sabuni haikuyaweza. Bi Zena akainamisha kichwa, akanong'ona jina moja, na aliyekuwa karibu vya kutosha kulisikia ni mtoto peke yake, naye alikuwa amelala.

Basi nyinyi mliokuwapo barabarani nasi tangu juu mpaka bondeni, msiniulize mimi. Mwenye ng'ombe, mwenye nusu, na mwenye mipira: katika hao watatu, je, mtoto yule alistahili kuitwa jina la nani?