Mbuzi wa Bi Msimu na Postikodi ya Mjini

Bwana Shaweji, afisa afya wa manispaa, alifika kwa Bi Msimu kuchukua mbuzi alioachiwa na marehemu mumewe, Mungu amrehemu.

"Mjini hakufugwi mbuzi, mama."

"Hapa ni kijijini, baba. Jiwe la mpaka umelipita kule nyuma."

"Achana na mawe! Postikodi yako ni ya mjini. Siku hizi mtu ni wa kule postikodi yake iliko."

"Hata mkubwa kama wewe?"

"Hata mimi!"

"Hebu rudia, baba, na hawa majirani wasikie."

Majirani walikuwa wakipita na majembe. Akarudia kwa sauti, kisha akazishika kamba za mbuzi.

Bi Msimu akamwita mmoja wao. "Mwenyekiti wa kijiji, umesikia? Bwana huyu anakaa mjini, lakini kibao cha getini kwake, ninapopeleka maziwa, kina postikodi ya kijiji chetu."

"Alhamdulillahi!" Mwenyekiti akamkabidhi jembe. "Karibu nyumbani, ndugu yangu. Leo ni msaragambo, kazi ya wanakijiji wote; tunachimba choo cha shule. Wewe utaanza shimoni."

Bwana Shaweji akaziachia kamba.

"Posta ni ya barua tu, mama," akasema. "Mpaka ni mpaka."