Neno Moja juu ya Mhando

Sogeeni karibu, na anayetafuna atafune polepole. Hadithi yangu ya leo imekatika mwishoni, na mwisho wake nitauomba kwenu.

Muheza walikuwapo watu watatu. Fundi Mntangi alikuwa na mkono. Redio iliyokufa, kanda iliyotafunwa na mashine, yeye akiishika mara mbili tatu, inasema. Bi Zaituni, muuza vitumbua, alikuwa na sikio. Mvumie nusu ya wimbo aliousikia mara moja miaka thelathini iliyopita, atakumalizia nusu iliyobaki. Somoe alikuwa na mdomo, na mdomo wenyewe wembe. Alitunga mipasho ya taarabu, na aliyepashwa na Somoe alipita njia za uani mwezi mzima.

Wa nne hakuwa na kipaji chochote ila urithi. Huyo ni Mhando. Marehemu baba yake aliacha maduka matatu ya burudani yaitwayo Raha Tele: Tanga, Korogwe na hapa Muheza. Yaliuza filamu, nyimbo, ngoma, zumari, mpaka mavazi ya waimbaji. Enzi za baba watu walipanga foleni. Enzi za Mhando walipanga foleni mende. Sidii zake zilikwama katikati, na ukiomba usikilizishwe kwanza, alikuuliza kama umekuja kununua au kupunga upepo. Watu wakabaki na simu zao. Duka la Tanga likafungwa, la Korogwe likawa linahema.

Mama yake, Bi Hidaya, ndiye aliyekuwa mwenye mali hasa. Akamwambia, "Waulize wateja wanataka nini. Wewe na mimi hatujui."

Mhando akatundika sanduku mlangoni, akaandika juu yake: Toa maoni yako, jina lako ni siri. Wale watatu wakaamini. Wakatumbukiza karatasi zao zenye majina, kila mmoja kwa wakati wake.

Sasa sikieni ujinga wa mtu. Siku ya gulio, mji umejaa, Mhando alishika kipaza sauti cha mlangoni, kile cha kuitia wateja, akaona atawachekesha wapita njia. Akafungua sanduku. Akaanza kusoma.

Ya kwanza ilikuwa ya Fundi Mntangi. Alishauri duka liwe na fundi wa kurekebisha kanda za zamani za watu na kurekodi mpya, maana sauti ya bibi yako haimo kwenye simu. Mhando akasema kwenye spika, "Huyu Mntangi anaomba kazi kwa mlango wa nyuma. Njaa mbaya jamani." Sokoni walikuwamo wakwe watarajiwa, waliokuja kumposa binti wa Fundi. Posa ile haikurudi tena.

Ya pili ilikuwa ya Bi Zaituni. Aliomba benchi, na ruhusa ya kusikiliza kabla ya kununua, kwa sababu, na hapa aliandikiwa na mtu, yeye hajui kusoma majina ya nyimbo. Miaka thelathini alikuwa ameificha aibu hiyo, hata wajukuu walidhani bibi ana macho mabovu. Mhando akaisoma pamoja na jina, akaongeza, "Bi Zaituni, basi leo nakusomea bure." Soko likacheka. Yule mama alifunika vitumbua vyake akaondoka, na akakaa ndani siku tisa.

Ya tatu ilikuwa ya Somoe. Aliomba ua wa duka kila Jumamosi alasiri, kikundi chao cha taarabu kifanye mazoezi watu wakitazama. Somoe alikuwa ameachwa na mumewe wiki hiyohiyo. Mhando akasema, "Mume kamkimbia kelele, sasa anazileta kwetu." Somoe alikuwa amesimama hatua tano kutoka hapo na kikapu mkononi. Siku hiyo yeye mwenyewe alipita njia za uani kurudi kwao.

Mimi nawaambia, mtu akikuibia kuku utasahau. Akikufanya kichekesho mbele ya soko, hilo unazikwa nalo.

Bi Hidaya alikuwa barazani kwake, ng'ambo ya barabara. Alisikia neno kwa neno. Kesho yake alimpeleka mwanawe Korogwe akaangalie duka la huko, kisha akawaita wale watatu.

"Funguo hizi hapa," akasema. "Fanyeni mliyoyaandika, miezi sita. Mkilifufua duka, ombeni mtakacho nami nitawapa."

"Chochote, mama?" Somoe akauliza.

"Nimeshasema, mwanangu."

Wakaingia kazini, na msidhani waliingia kwa upendo. Fundi aliunganisha nyaya huku ameuma meno. Bi Zaituni aliifuta benchi kama anamfuta Mhando usoni. Walitaka duka lisimame ili siku moja waseme: ni sisi.

Na walichokiuza kilikuwa nini? Kisasi. Nyie mnaijua taarabu. Mtu anainuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji, lakini mkono unamtunza mwimbaji na jicho linamtazama mbaya wake. Wale watatu waliwapa wateja wimbo wa kutunzia. Mteja anafika, anakaa kwenye benchi, anamweleza Bi Zaituni alivyotendwa: shoga kamchukulia bwana, shemeji kamwita mchawi. Bi Zaituni anasikiliza mpaka mwisho, anafumba macho, anachagua lahani ya zamani inayolingana na uchungu ule, na hakukosea hata mara moja. Wasingekuwa na sikio lile, mteja angefika mara moja tu.

Lahani ikipatikana, Somoe anaivika maneno. Hayataji jina, lakini mhusika akisikia lazima ajijue. Jumamosi alasiri wimbo unaimbwa uani, na watu wanatoka Pongwe, wanatoka Korogwe, wanakuja kuangalia nani atainuka kutunza na nani atainamisha kichwa. Bila mdomo ule, Jumamosi ingekuwa siku ya kufua tu.

Fundi Mntangi naye anaudaka wimbo kwenye mashine zake, safi, bila mkwaruzo. Jioni hiyohiyo mteja anaondoka nao, anakwenda kuufungulia dirishani, spika imeelekezwa kwa jirani. Wimbo huo haumo kwenye simu ya mtu yeyote. Bila mkono ule, mpasho ungeishia uani na upepo.

Miezi sita haikwisha, Raha Tele ya Muheza ikawa haina pa kukanyaga. La Korogwe likafa mikononi mwa Mhando. Akarudi nyumbani na begi moja, amekonda, akaketi nyuma ya mlango wa mama yake.

Wale watatu wakaenda kudai ahadi. Bi Hidaya akawawahi, "Duka ni lenu, lote, mle pamoja."

"Ahsante, mama," Fundi akasema. "Lakini hatukuja kwa ajili ya duka. Tunamtaka mwanao."

Yule mama akautazama mlango aliokaa nyuma yake mwanawe. Mhando alikuwa mtoto wake wa pekee.

"Ahadi ni ahadi," akasema mwisho. "Lakini hamtamla watu watatu. Mmoja wenu atatamka neno moja juu yake, nami nitalitimiza. Wawili watalimeza, wasimguse tena. Haya, ni nani?"

Fundi akasema, "Ni mimi. Ahame mji huu, asikanyage hata msibani. Mwanangu alikosa ndoa, naye akose kwao."

Bi Zaituni akasema, "Ni mimi. Akae kwenye benchi mwaka mzima, awasomee na kuwaandikia wasiojua, na siri zao zimkae kooni. Atakayosoma hayatoki."

Somoe akasema, "Ni mimi. Wimbo wake ninao, beti kumi na saba. Aketi mbele Jumamosi niuimbe, na urekodiwe. Siku akifa, utakuwa bado unafunguliwa madirishani."

Mhando alikuwa anasikia yote. Hakutoka.

"Chagueni mapema," Bi Hidaya akasema. "Mimi ni mzee, nami nitalitimiza hata kama litaniacha nizikwe na majirani."

Wakatazamana, na hakuna aliyerudi nyuma. Ukitoa mkono, duka halikufufuka. Ukitoa sikio, halikufufuka. Ukitoa mdomo, halikufufuka. Na siku ile ya gulio, mbele ya spika, walichekwa wote watatu.

Msiniambie wasamehe, hilo halikuwa mezani. Msiniambie wagawane, mama amekataa. Wewe uliyekaa karibu na mlango, na wewe unayejifanya umesinzia, nijibuni: neno lile mngempa nani?