Marhamu ya Sultani Isiyo na Nta

Hapo zamani, katika mji wa Ngwamba, alitawala sultani mmoja jina lake Burhani, mtu wa majivuno matupu. Maisha yake yote hakupata kubeba hata kata ya maji, lakini visigino vyake vilikuwa na magaga ya kutisha, yamepasuka hadi yanatoka damu. Mwenyewe alisema ni uzito wa utawala. Watu walisema ni uvivu wa kuosha miguu, ila walisema chini chini, maana kila mtu aliipenda shingo yake.

Basi palikuwa na mjane mmoja, Bi Mize, mfuga nyuki na mpika marhamu. Nta aliiyeyusha kwa moto mdogo ndani ya mafuta ya ufuta, akakoroga, akachuja kwa kitambaa, kisha akadondosha tone juu ya ukucha wake. Lilipoganda ndipo akaepua. Sultani akapelekewa kikopo cha marhamu hiyo, akapakwa, ikawa magaga yameanza kufunga. Hapo mtu mwenye akili hushukuru. Burhani akauliza imetiwa nini.

"Nta ya nyuki, Maulana," akajibu Bi Mize.

Waziri Mansabu, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuona kinyaa kabla ya bwana wake, akakunja uso. "Nta! Kitu kilichotoka tumboni mwa mdudu, leo kimepakwa mguu wa Sultani!"

Basi Sultani naye akaona kinyaa papo hapo, akapaza sauti: "Ewe mwanamke, Ijumaa wajumbe wa jirani yangu watakuwapo barazani. Mbele yao niletewe marhamu isiyo na nta, si ya nyuki, si ya mti, si ya kitu chochote, nayo ikae juu ya visigino vyangu. Isipokaa, mizinga yako yote nitaitia moto. Na likianguka tone moja juu ya zulia langu, aliyeliangusha atachapwa bakora mbele za watu!"

Bi Mize akarudi nyumbani analia. Mizinga ile ndiyo iliyomlisha tangu mumewe afe, tena ilimlisha na Faki, mtoto wa kaka yake, mtu mzima asiye na kitu duniani ila mkeka na ulimi.

"Shangazi, kulikoni?" akauliza Faki. Akaelezwa.

"Mafuta bila nta ni mafuta tu, mwanangu," akasema Bi Mize. "Yatachuruzika kabla sijaondoa mkono. Nimekwisha mimi."

Faki akaguna. Alikwisha kuona wakubwa wakali, wala ukali haukumshangaza. Lakini mtu amepata nafuu ya mguu, kisha anagombana na dawa? Mjinga wa namna hiyo alikuwa hajapata kumwona. "Nipe kibuyu cha mafuta matupu," akasema. "Nitakwenda mimi."

Ijumaa ikafika, na baraza ikajaa. Wajumbe wameketi, kadhi ameketi, Waziri amesimama na bakora yake mkononi, anaipapasa. Faki akaingia na kanzu yake yenye viraka, akainama.

"Maulana, nimeleta marhamu isiyo na nta. Ila mimi ni mtu mzito wa kuelewa, nataka kuisikia amri tena. Tone likianguka, achapwe nani?"

"Aliyeliangusha!"

"Yeyote awaye?"

"Yeyote awaye, mpumbavu wee! Kadhi shahidi!"

Kadhi akaitikia kwa kichwa.

"Vema," akasema Faki. "Basi Maulana alale kifudifudi juu ya zulia, kisha akunje magoti, nyayo zitazame juu."

Baraza ikapigwa na butwaa. Kumwonyesha mgeni nyayo ni tusi, na huyu alitaka zionyeshwe na mwenye mji! Lakini Sultani alikwisha kujigamba kwa wajumbe kwamba kwake dawa hutengenezwa apendavyo yeye, akaona haya kurudi nyuma. Akalala, tumbo lake likatanda chini, nyayo zikaelekea dari. Faki akamwaga mafuta taratibu juu ya nyayo na visigino, hata yakajaa katika kila ufa.

"Waheshimiwa, yamekaa, hayakukaa?"

"Yamekaa," akasema kadhi, akitazama pembeni.

"Yameanguka?"

"La."

Mjumbe mmoja, mtu mwenye adabu zake, akaona si vizuri kunyamaza. Hakujua uso uko wapi, akazisalimu nyayo: "Sabalkheri, Maulana."

"Wewe!" Sultani akanguruma, mdomo umezama ndani ya zulia. "Nikae hivi hata lini?"

"Hata magaga yapone, Maulana," akajibu Faki. "Kuishikilia dawa mahali pake ndiyo kazi ya nta. Maulana ameifukuza nta, basi kazi hiyo ameichukua mwenye mguu."

Sultani akakaza. Loo, jasho likamtoka! Miguu ikatetemeka, msuli wa paja ukakakamaa, naye akapiga yowe, akanyoosha mguu. Mafuta yakachuruzika hata vidoleni, na tone nono likaanguka juu ya zulia mbele ya macho ya wote.

"Tone limeanguka," akasema Faki kwa upole. "Sheikh Kadhi, nani ameliangusha?"

Kadhi akakohoa. Wajumbe wakaficha vinywa kwa vilemba. Waziri akaitazama bakora, akamtazama bwana wake, kisha akaificha nyuma ya mgongo, na hapo wajumbe wakashindwa kujizuia, wakacheka hata wakashikana mabega.

"Mizinga isiguswe," Sultani akasema pale chini.

"Na bakora, Maulana?"

Sultani akainuka, akatoka barazani peke yake, akiteleza na kushika kuta, akashuka mtaani pekupeku, kila mtu anamwona, hata akafika mlangoni kwa Bi Mize. Akabisha hodi, akaomba marhamu. "Yenye nta," akasema, sauti ikisikika kwa shida.

Bi Mize alikuwa amepiga magoti mbele ya mchukuzi mmoja wa magunia, anampaka visigino. Hakuinuka.

"Ngoja hapo nje, Maulana. Huyu magaga yake ameyapata kwa kazi."

Basi Sultani wa Ngwamba akangoja, na hekaya yetu inamwacha papo hapo kizingitini, visigino vikimwasha.