Kwa Nini Misuli Huuma Kesho Yake

Maumivu ya misuli yaliingia duniani siku ya nne ya mwezi mwandamo, mwanzoni mwa vuli, alfajiri, kabla ng'ombe hawajakamwa. Hivyo ndivyo tulivyosimuliwa sisi, nami nawasimulia ninyi mnaokimbia kupanda mlima kila jioni, kisha asubuhi mnashuka ngazi kinyumenyume.

Kabla ya siku hiyo misuli ilikuwa kimya. Mtu alilima, akabeba mawe, akacheza ngoma siku tatu mfululizo, na mwili wake haukumwambia neno. Mnaweza kudhani ilikuwa raha. Haikuwa raha. Mtu aliyechoka hakujua kwamba amechoka. Aliendelea tu, mpaka siku moja akaanguka kama mti ulioliwa na mchwa kwa ndani, asiinuke tena.

Wakati huo watu wa Kizanga, huko milimani Upare, walikuwa wakijenga ndiva, yaani bwawa dogo la kukusanya maji ya kijito usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani. Kazi ilikuwa ya wote. Baragumu ilipolia, wanaume walijipanga juu ya ukuta, wakashindilia udongo kwa magogo mazito huku wakiimba. Desturi yao ilikuwa kwamba hakuna anayetua gogo kabla ya baragumu ya pili. Mpigaji wake alikuwa Mzee Sekiete. Yeye hakutazama watu. Alitazama ukuta.

Aliyekuwa akiongoza ushindiliaji aliitwa Kisaka. Msimu mmoja alianguka pale ukutani, gogo mkononi, wimbo mdomoni, akafa. Wakamzika, wakamlilia, na mdogo wake Mbonea akalishika gogo lile lile. Mke wa Mbonea, Nanzighe, alimwona akirudi jioni mikono ikitetemeka hata uji unamwagika, naye mwenyewe hana habari.

"Baba Nakijwa, kesho pumzika," alimwambia.

"Nipumzike kwa lipi? Siumwi popote."

"Hata shemeji hakuumwa popote."

Mbonea akacheka. "Wataniambia nina mikono ya mlenda."

"Bora wakucheke umeketi kuliko wakulilie umelala."

Lakini alikwenda. Nanzighe alijua kuwa ukuta bado ulikuwa mfupi, mvua zilikuwa karibu, na mumewe hangeacha. Basi akapanda peke yake hadi kileleni. Wazee wetu walimwita Mungu Kyumbi. Sisi tunamwita kwa jina tulilosoma Kitabuni, lakini ni Yeye yule. Nanzighe akasema, "Kyumbi, mbwa umempa sauti ya kubweka mwizi akija. Mwili wa mume wangu umeunyima hata hiyo. Upe sauti, nisimzike."

Mungu alimsikia. Alisikia pia wimbo uliotoka ukutani, kwa maana wale wanaume walitaka maji kwa ajili ya maharage ya watoto wao. Kama maumivu yangekuja gogo likiwa mkononi, hakuna ukuta ambao ungekamilika, wala shamba ambalo lingelimwa. Kama yasingekuja kabisa, kila nyumba ingekuwa na mjane. Akayaweka katikati. Mtu afanye kazi yake, alale, na maumivu yamsalimie anapoamka. Siku ya pili yaseme kwa nguvu zaidi, asije akadhani aliota.

Alfajiri ile mlima mzima uliguna. Mbonea alitaka kuchuchumaa akame maziwa, magoti yakakataa. Ng'ombe akageuka, akamtazama.

"Mama Nakijwa! Njoo! Miguu hii si yangu!"

Nje, majirani walikuwa wakitembea kama bata. Walianza kwa kuchekana, kisha hofu ikawaingia. Mzee Sekiete, ambaye hakuweza kuinua baragumu hadi mdomoni, akasema, "Udongo tuliuchimba karibu na msitu wa wahenga. Wamekasirika. Turudishe."

Basi wakabomoa kipande cha ukuta wao wenyewe, wakabeba vikapu vya udongo kutwa nzima kuurudisha msituni. Kesho yake maumivu yakawa maradufu. Wakasema, kumbe kosa ni kubwa, turudishe wote. Ndipo Nanzighe akasimama katikati ya njia.

"Wekeni vikapu chini. Wahenga hawana neno nanyi. Aliyeomba ni mimi."

"Umetuloga, mwanamke?" akauliza Sekiete.

"Nimewaombea mdomo. Mzee wangu, kila siku uliuliza ukuta umefika wapi. Kisaka ulimuuliza lini yeye amefika wapi?"

Mzee Sekiete akaketi chini polepole, akiugulia, akafunika uso. Baragumu ya siku ile ya Kisaka aliipiga yeye. Alipoinua kichwa alisema, "Leo hailii."

Akawagawa watu makundi mawili. Kundi moja lilishindilia, na la pili lilipumzika kwa kazi nyepesi: kukata majani, kutembea, kukandana kwa mafuta ya nyonyo. Waligundua kuwa aliyelala kutwa alikakamaa kama ngozi iliyoanikwa, na aliyejinyoosha taratibu alifunguka mapema. Ukuta ulichelewa. Mvua za kwanza ziliwapita, na mwaka ule maharage yalikuwa haba. Lakini Mbonea aliota mvi, akawabeba wajukuu.

Na tangu siku hiyo misuli huuma kesho yake. Ikiizoea kazi, hupunguza sauti. Ukiipa mzigo mpya, huanza kukusemesha upya. Na ukiikimbiza kila siku bila kuiachia siku yake, hainyamazi kabisa, kama hivi mnavyolalamika ninyi. Pale Kizanga, mpaka leo, msimamizi wa kazi huuliza kwanza, "Miili imeamkaje?" Akishajibiwa ndipo hutazama ukuta.

Tuiname. Mungu wa rehema, wapumzishe wote walioanguka kazini kabla hawajaambiwa. Umpumzishe na Elieneza, mume wangu, aliyeambiwa, naye akasema, "Ngoja nimalize kwanza." Mpe kiti, Bwana, aketi. Amina.