Pimbi na Mota ya Kinyumenyume

Paukwa!

—Pakawa!

Pakawa na nini?

—Baiskeli!

Imekaaje?

—Miguu juu, magurudumu angani!

Hadithi ije?

—Ije, na uongo wake tutausaidia kuubeba!

Basi hapo kale, lakini si kale sana maana betri zilikuwepo, palikuwa na Pimbi. Mnamjua Pimbi: mnyama mdogo wa mawe, hana mkia, wala hana habari kwamba hana. Pimbi huyu alikuwa msomi. Alisoma chuo kikuu, akasomea vipimo, akajua kupima urefu wa kila kitu isipokuwa wa maneno yake mwenyewe. Alikuwa na mke, Bi Sikudhani. Bi Sikudhani hakusomea vipimo, lakini ndiye aliyejua kila kitu kiko wapi ndani ya nyumba.

Kila Pimbi aliposhindwa na jambo, awe anapambana na kifuniko cha chupa au ufunguo uliogoma mlangoni, Bi Sikudhani alimwuliza swali moja tu.

"Bwana msomi, umejaribu kugeuza?"

Pimbi aligeuza. Kikafunguka. Bi Sikudhani akacheka, kwi kwi kwi.

Kisha Bi Sikudhani akafariki. Masika yalimkuta yupo, yakamwacha hayupo.

Kwa desturi ya pimbi, mke akifa, kinu alichokuja nacho hurudishwa kwa mama yake. Hurudishwa na mume mwenyewe, si kwa kutuma mtu. Tena hufikishwa kabla ya mtama mpya kuvunwa, ili mama atwange mavuno ya kwanza katika kinu cha mwanawe. Kisipofika, mama huazima kinu kwa jirani, na watu husema marehemu aliolewa na mtu asiyejua thamani yake. Pimbi aliweza kuvumilia watu kusema kwamba yeye ni mjinga, walishasema. Hilo lingine hakutaka waliseme.

Mama mkwe alikaa juu kabisa ya Jabali. Kinu kilikuwa cha mninga, kizito kuliko Pimbi. Chombo pekee kilichokuwepo ni baiskeli ya marehemu, nyekundu, yenye kengele. Bi Sikudhani alikuwa akipanda nayo Jabali huku akiimba. Pimbi alijaribu, akafika kwenye kichaka cha kwanza, akashuka, akajifanya anaangalia mandhari.

Na mtama ulikuwa umeshaanza kuinamisha vichwa.

Sasa, chini ya Jabali, kando ya mto, Kiboko alikuwa na duka. Aliuza mota za kufunga kwenye baiskeli za kawaida ziende kwa umeme. Mota ilikaa katikati ya gurudumu la mbele: unatoa gurudumu la zamani, unaweka lile jipya, unaunganisha betri, unapanda mlima huku ukipiga mluzi. Kiboko alikuwa mkubwa, mdomo wake mkubwa, na alipenda kitu kimoja kuliko vyote, kufuatwa. Akienda mtoni, lazima wanyama wamfuate msururu. Yeye hutangulia, na kila mara hujaribu kugeuka aone kama bado wapo. Lakini shingo ya Kiboko mnaijua. Haigeuki.

"Mota hii ina waranti, mzee?" aliuliza Pimbi.

"Mwaka mzima!" alinguruma Kiboko. "Ikikusumbua, irudishe. Utapata mpya."

Pimbi akabeba boksi kwenda nyumbani. Akasoma maelekezo kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kutoka mwisho hadi mwanzo. Akaona pamekosekana nukta, akaiweka kwa kalamu. Akapima spoki, ingawa hakuna aliyemwambia apime spoki. Kisha akaipindua baiskeli miguu juu, kama afanyavyo kila anayetoa gurudumu. Maelekezo yalisema mota ina mshale, na mshale ukiwa juu uelekee mbele. Pimbi akaangalia. Mshale uko juu. Unaelekea mbele. Akauwekea rula kuhakikisha. Akakaza nati, kacha! Akakaza nyingine, kacha!

Akaisimamisha baiskeli, akafunga kinu kwenye keria, akapanda, akabonyeza.

Vruuu! Baiskeli ikaondoka.

Ikaondoka kinyumenyume.

Pedali nazo zikazunguka kinyumenyume, zikampiga miguuni, pa! pa! pa! Ikampitisha katikati ya mboga alizoanika jirani yake, Bi Kanga, ambaye habari ikimfikia asubuhi, adhuhuri imeshavuka mto.

"Ee, Bwana Pimbi!" aliita Bi Kanga. "Unatoka au unaingia?"

"Najaribu tu, jirani."

"Unajaribu kwenda wapi?"

"Mbele."

"Haya, usalimie huko mbele."

Pimbi akarudi dukani na mota yake.

"Mzee Kiboko, mota hii ni mbovu. Inarudi nyuma."

"Ulifungua boksi?"

"Nilifungua."

"Basi waranti imekufa."

Pimbi akainua mota yake. Alikuwa na uzoefu wa watu wanaokwambia kwamba kitu kimekufa. Hubishani nao. Unashukuru, unaondoka.

Lakini nyumbani alikaa akakitazama kinu, kinu nacho kikamtazama. Akairudisha mota ndani ya boksi, akalifunga kwa gundi vizuri, pembe kwa pembe, akaenda tena.

"Mzee Kiboko, mota hii ni mbovu."

"Ulifungua boksi?"

"Tazama, limefungwa."

Kiboko akalinusa. "Hii gundi si yetu. Waranti imekufa."

Akaenda mara ya tatu.

"Mzee Kiboko, nionyeshe nani anaruhusiwa kufungua boksi."

"Fundi wetu."

"Fundi wenu ni nani?"

"Mimi."

"Basi nifungulie wewe."

"Mimi siwezi kufungua boksi lililokwisha kufunguliwa! Waranti imekufa, imezikwa, na wewe ndiye uliyeizika. Sogea, unanizibia wateja."

Hapakuwa na wateja. Pimbi akasogea hata hivyo.

Akiwa njiani akaukuta msururu unarudi mtoni, maana wakati ule wanyama walikuwa wamemsubiri Kiboko afunge duka, wakachoka, wakaondoka bila yeye. Nyuma yao Kiboko akatoka dukani mbiombio, akawapita wote ili atangulie, kisha akaanza kuhangaika na shingo yake: kulia haiendi, kushoto haiendi. Pimbi akamtazama. Kichwani mwake kikawaka kitu, kikawaka kizuri sana, naye akajisifu papo hapo kwamba hayo ndiyo manufaa ya elimu.

Asubuhi akafunga tena ile mota, vilevile, baiskeli miguu juu. Kisha akakaa kama kawaida, mikono kwenye usukani, miguu ameinyanyua pedali zisimfikie. Vruuu! Baiskeli ikarudi nyuma, na Pimbi akawa anatangulia, uso ameuelekeza kule anakotoka. Akapita polepole mbele ya Bi Kanga, akipiga kengele, ngri ngri!

"Makubwa!" alisema Bi Kanga. "Leo ni mtindo gani huo?"

"Jirani, nilidhani ni mbovu. Kumbe ni mota ya kinyumenyume. Ni ya wakubwa. Mkubwa akiwa nayo, hawapi watu mgongo. Anatangulia, na uso wa kila anayemfuata anauona. Kiboko amenipa kwa bahati mbaya. Lakini, jirani yangu, tafadhali usimwambie mtu."

"Mimi?" alisema Bi Kanga. "Mimi nitamwambia nani?" Na alikuwa ameshaanza kukimbia.

Kabla mboga za Bi Kanga hazijapinduliwa upande wa pili, Kiboko alikuwa mlangoni kwa Pimbi, anahema, foo! foo!

"Bwana Pimbi, rafiki yangu! Ile mota ni mbovu."

"Haina tatizo lolote, mzee."

"Ina tatizo kubwa! Inarudi nyuma! Nimekosa usingizi kwa ajili yako. Nirudishie, nikupe mpya."

"Lakini nilifungua boksi."

"Boksi ni nini? Boksi ni karatasi."

"Na waranti imekufa."

"Imefufuka!" alisema Kiboko.

Pimbi alitaka kuuliza kama kuna vingine vinavyofufuka mkubwa akiamua. Hakuuliza. Alisema, "Litangaze hilo mbele ya Bi Kanga. Kisha uifunge mpya kwa mikono yako, wewe fundi."

Kiboko akatangaza, tena kwa sauti iliyosikika ng'ambo: boksi likifunguliwa, waranti ni hai. Bi Kanga akalichukua neno hilo akaondoka nalo. Kisha Kiboko akaleta mota mpya. Kwa ukubwa wa tumbo lake, kuinama ni shida na kupindua baiskeli ni shida zaidi. Basi akainyanyua tu upande wa mbele kwa mkono mmoja, ikiwa imesimama kama baiskeli inavyosimama, na kwa mkono wa pili akaweka gurudumu. Kacha! Kacha!

Pimbi akatazama mshale. Uko juu. Unaelekea mbele.

Akatazama gurudumu la zamani lililolala chini. Akakumbuka mshale wake, nao ulikuwa juu, nao ulielekea mbele, nao aliuwekea rula. Lakini wakati ule baiskeli ilikuwa imelala miguu juu. Alipoisimamisha, mshale ulishuka chini, na gurudumu likizunguka ukarudi juu, ulielekea nyuma.

Mota haikuwa mbovu. Haikuwahi kuwa mbovu hata siku moja. Alikwenda dukani mara tatu, akatunga hila, akamdanganya jirani, kwa jambo ambalo lingekwisha kwa kulitoa gurudumu na kuligeuza.

Mdomo wake ukafunguka.

"Unasemaje?" aliuliza Kiboko, akiwa amekumbatia mota ya zamani kama mtoto.

"Nasema ahsante, mzee."

Jioni ile Kiboko akaifunga ile mota kwenye baiskeli yake, namna ileile anayofunga zote. Akaita wanyama wote, wakajipanga msururu, yeye mbele. Akapanda baiskeli akiwatazama, mgongo kwa mto, akatabasamu kwa kuwaona nyuso zao kwa mara ya kwanza.

"Nifuateni!" akasema, akabonyeza.

Vruuu! Mota ikaenda mbele, kama mota yoyote. Na mbele ya baiskeli ilikuwa ndiko waliko wanyama. Msururu ukatawanyika, wengine mitini, wengine mabondeni. Kiboko, asijue breki iko wapi, akauzungusha usukani, akazunguka duka lake mara moja, akazunguka mara ya pili, akawaona wote wakicheka, uso mmoja mmoja, kama alivyotaka. Kisha puuu! Mtoni.

Alipotoa pua majini alimkuta Pimbi amesimama ukingoni.

"Mota ni mbovu!" alipiga kelele Kiboko. "Inakwenda mbele!"

"Ulifungua boksi, mzee?" aliuliza Pimbi.

Tangu siku hiyo Kiboko hushinda majini mchana kutwa, pua tu ndizo zinazochungulia. Watu husema anaogopa jua. Anatafuta maneno ya waranti.

Pimbi naye akapanda Jabali na kinu chake. Vruuu, taratibu, bila kuimba. Mtama kule juu ulikuwa bado umesimama shambani. Mama mkwe akatoka, akakipokea kinu kwa mikono miwili, akapapasa ndani yake mahali palipolika kwa kutwangwa.

"Karibu, baba. Umechelewa. Mota ilikusumbua?"

Pimbi alikuwa ametayarisha hadithi ya ujanja wake, na ilikuwa nzuri. Akaanza nayo, ikamkwama. Akaeleza ilivyokuwa: mshale, rula, baiskeli miguu juu.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mwanangu angekuwepo?"

"Angeniuliza kama nimejaribu kugeuza."

Mama mkwe akacheka, kwi kwi kwi. Ni kicheko kilekile. Pimbi alikuwa hajui kilitoka wapi. Kumbe kilitoka huku juu. Akaketi chini, akamwomba arudie, na mama mkwe akarudia bila kuuliza sababu. Kesho yake wakavuna, na mtama wa kwanza ukatwangwa: tu! tu! tu! Ulisikika mpaka mtoni.

Hadithi hii ina mafunzo, na mafunzo yenyewe ni haya: ukikosea kufunga kitu, usikague kazi yako, mtafute Kiboko umlaumu. Elimu haijawahi kumpotosha mtu. Na mkeo akikuuliza kama umejaribu kugeuza, mjibu kwamba umesoma chuo kikuu, wala usipoteze muda kumsikiliza akicheka.

Imekwisha?

—Imekwisha!

Ina kasoro?

—Inazo!

Basi msiirudishe kwangu. Mmeshaifungua.